Drive ya CD iliyogoma kila asubuhi kule Mbwera, na kosa ambalo sijawahi kumwambia mtu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mpo?

Leo nimepita kwenye uzi wa kijana mmoja humu analalamika drive ya laptop yake haisomi CD, watu wanamjibu aitupe anunue flash. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi, leo nakitema. Siongezi chumvi, na sehemu ya aibu siiruki, maana aibu yenyewe ni yangu.

Ni kirefu kidogo. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Soko huria limeshakolea, mashirika ya umma yanauzwa, kila wiki unasikia mwekezaji kaja. Kibiti bado iko ndani ya Wilaya ya Rufiji, jambo lolote la serikali mpaka uende Utete, makao makuu ya wilaya. Mimi nilikuwa na kachumba karibu na stendi: steshenari, mashine ya kuchapa moja, na laptop moja.

Ndiyo, laptop. Kibiti nzima naamini ilikuwa hiyo tu, na kama ilikuwepo nyingine basi mwenyewe alikuwa anaificha. Niliinunua Dar, mtumba, nzito kama tofali. Ilikuwa na drive ya CD ubavuni, ukibonyeza kitufe kinachomoka kisahani.

Watu wakawa wananiita Fundi Kompyuta. Na mimi nilikuwa naitika.

Siku moja akaja mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Mbwera, kule delta. Jina la kijiji nalihifadhi, mwenyekiti tumwite Mzee Salum. Kavaa kanzu na koti juu yake, mkononi kashika mfuko wa nailoni, ndani mna CD moja.

Akanieleza. Kuna kampuni inataka eneo kwao ichimbe mabwawa ya kufuga kamba. Wameambiwa eneo linalotakiwa ni mikoko na tope tupu, hakuna anayelima. Jumamosi wageni wanakuja na karatasi, wananchi waweke dole gumba, basi. Wanakijiji wakauliza, ramani iko wapi? Wakapewa hiyo CD, wakaambiwa ramani yenu imo humo.

Hebu fikirieni. Kijiji hakina umeme, wanapewa ramani kwenye CD. Na Jumamosi ni hiyo inakuja.

Nilipata hasira, wakuu. Nikamwambia mzee twende, tena nikamtoa wasiwasi kabisa, nikamwambia kwa mashine yangu hiyo ni kazi ya dakika tano.

Dakika tano. Shikeni hapo.

Kabla ya safari nikaijaribu laptop. Drive inafanya kazi, ila kisahani kikitoka kinalia kwiii, kama bawaba ya mlango. Sasa marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Kwetu kitu cha chuma kikilia kinapakwa mafuta, hakuna mjadala. Na kitu cha chuma kikienda delta ndiyo usiseme, maana chumvi ya kule inakula chuma mpaka msumari unabaki jina.

Mafuta ya charahani yalikuwa yameniishia. Nikachukua mafuta ya nazi ya mke wangu na unyoya wa kuku, kama baba alivyokuwa akifanya kwenye cheni.

Wanaozijua drive za laptop wanaelewa: ukivuta kisahani chote nje, unakiona kile kijicho cha lens, na vijiti viwili vya chuma ambavyo lens inateleza juu yake kwenda na kurudi. Nikavipaka vile vijiti taratibu, kwa mapenzi kabisa. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma. Nikaweka CD yangu ya taarabu, ikapiga safi, kelele imekwisha. Nikajipongeza.

Msinicheke bado.

Tukaondoka na Mzee Salum, gari mpaka Nyamisati, kutoka hapo boti ya mashine. Laptop nimeizungushia nailoni mara tatu, nimeikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Tukafika Jumanne alasiri.

Nikapangiwa kulala kwa dada yake mwenyekiti, Bi Somoe. Mjane, mtu wa makamo, mikono ya jembe, na mdomo wake haujui kupumzika. Hatujamaliza hata salamu ananiuliza kama mke wangu ananipikia kweli, maana fundi mzima nimekonda kama mti wa kuwambia ngozi.

Lakini tulipokaa kula akaacha utani. Akanieleza habari za shamba lake la mpunga. Alirithi kwa mama yake, liko bondeni pale mto unapojikunja. Kila msimu anahamia huko, analala juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, analinda ndege mchana na nguruwe usiku. Hana shamba lingine. Ameambiwa kampuni haitafika huko, ila yeye anataka aone kwa macho yake kabla hajaweka dole lake.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimebeba jibu la yule mama kwenye CD. Nikamwambia kesho asubuhi utaona, mama, lala usingizi.

Jumatano asubuhi kamati ikajaa uani kwa Bi Somoe, watu kumi na kitu. Ulikuwa msimu wa kipupwe, asubuhi ina kibaridi, wazee wamejifunika mashuka. Nikawasha laptop kwa betri. Nikavuta kisahani nje, nikaweka CD. Bi Somoe akainama karibu kabisa na mashine, akavuta pumzi, akaniangalia usoni. Nikadhani anashangaa teknolojia.

Nikasukuma kisahani ndani. Ikazunguka. Halafu tk, tk, tk. Kimya.

Kwenye skrini maandishi ya kusema drive haiko tayari.

Nikatabasamu, nikawaambia hii ni kawaida. Nikaitoa CD nikaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kama inavyotakiwa. Tk, tk, tk. Nikarestart. Nikaingia kwenye Device Manager, nikaondoa drive, nikarestart tena ili Windows iitambue upya. Ikaitambua vizuri sana, kusoma ikakataa. Nikaweka ile CD ya taarabu, nayo ikagoma. Betri ikaanza kulia njaa nikazima.

Hapo nilikuwa bado najiamini, wakuu. Kwanza nimeshapata jambo moja la maana: CD mbili tofauti zote zinagoma, kwa hiyo tatizo si CD, ni drive. Ndivyo fundi anavyofanya, anapunguza washukiwa mmoja mmoja.

Pale kijijini kulikuwa na jamaa ana banda la video, na jenereta. Saa tisa mchana nikamwomba umeme wa nusu saa kabla hajaanza kuonyesha. Nikachomeka, nikawasha, nikaiacha iwake kidogo. Nikaweka CD ya taarabu. Ikapiga! Wanawake waliokuwa wanapita na kuni wakasimama. Nikaweka CD ya ramani, nikaona orodha ya mafaili yote.

Nikapiga paja. Nimelipata. Asubuhi nilitumia betri, mchana nimetumia jenereta. Betri imechoka, haina nguvu ya kuzungusha drive. Mwenye jenereta akazima kuokoa petroli, mimi nikaenda kumtangazia mwenyekiti kwamba kazi imekwisha, aite watu kesho asubuhi.

Najua mtauliza: mbona hukukopi mafaili kwenye hard disk pale pale? Swali zuri sana. Jibu ni kiburi. Nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hakopi.

Alhamisi asubuhi watu walikuja wengi zaidi ya jana. Wamechangia petroli, jenereta inanguruma, mimi nimekaa mbele kama bwana harusi. Nikaweka CD.

Tk, tk, tk.

Nikaweka ya taarabu. Tk, tk, tk.

Wakuu, jasho lilinitoka na kibaridi kile. Umeme upo, mwingi, na drive imegoma vilevile. Kwa hiyo si betri. Na jana mchana ilisoma, kwa hiyo haijafa. Kichwani sina mshukiwa hata mmoja. Nikaanza kusema ovyo. Nikasema pengine CD imekwaruzwa makusudi, wakati jana mimi mwenyewe nimethibitisha CD haina kosa.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kutosha nisikie kwamba fundi kanunuliwa. Jana mwenyewe peke yake ilisoma, leo mbele ya watu haisomi, hamuoni?

Hilo liliniuma kuliko yote. Niliona macho yanabadilika. Mzee Salum hakunitukana, alinyoosha mkono tu, akaiomba CD yake. Akaiweka kwenye mfuko wa koti. Akasema itakaa kwake mpaka Jumamosi, kama mashine itapona tutaona, isipopona Mungu yupo.

Bi Somoe alikuwa anatazama chini. Siku nzima ile utani hakunitania.

Alhamisi mchana nilifungua skrubu zote zinazofunguka. Nikapuliza vumbi, nikakaza waya, nikafunga. Nikajaribu CD ya taarabu, ikasoma. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nimeshasema imepona mara moja, na asubuhi ikaniaibisha. Nililala nimejifunika gubigubi nikifikiria kurudi Kibiti na boti ya kwanza.

Ijumaa asubuhi nimekaa kwenye jamvi uani, laptop iko mbele yangu, nimeijaribu, imegoma. Wala sikushangaa tena.

Bi Somoe akatoka ndani ameshika chupa ya mafuta ya nazi. Akasogeza kigoda mpaka mbele yangu kabisa, kwenye upande jua linapoanza kuingia, akaiweka chupa pale, karibu na mashine. Mafuta ndani ni meupe pe, yamekaza.

"Mafuta haya asubuhi za kipupwe huyapati, fundi," akasema. "Yanaganda. Mpaka jua liyaguse ndiyo yanatembea."

Akachukua ufagio akaenda kufagia upande wa pili.

Nikaitazama chupa. Nikaitazama drive. Nikaitazama tena chupa.

Asubuhi inagoma, mchana inakubali. Si betri, si jenereta, si CD, si Windows. Ni baridi. Nilivuta kisahani nje nikainama na kutazama kwa kukaza jicho. Vile vijiti viwili vya chuma vimevaa utando mweupe, mzito, na vumbi limenasa juu yake. Lens ikitaka kuteleza inakwama, inajaribu, tk, tk, tk, inakata tamaa. Mchana joto linayeyusha, inateleza.

Mafuta ya nazi. Ya mke wangu. Kwa unyoya wa kuku. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtu niliyezaliwa Kibiti, nimekua naona chupa ya mama inaanikwa juani kila asubuhi ya kipupwe ndipo tupakwe, halafu nashindwa kuona kitu hicho. Nimelaumu betri, CD, na kampuni ya watu. Fundi Kompyuta!

Nikaenda zahanati mbio kuomba spiriti na pamba. Mganga akauliza nani kaumia, nikamwambia kuna kidonda kidogo. Nikarudi, nikafuta vile vijiti mara tatu mpaka pamba ikatoka safi. Lens nikaigusa kwa pamba kavu, kwa kuiheshimu. Nikaacha vikauke.

Mzee Salum alipopita baada ya swala ya Ijumaa nikamwambia nimeliona tatizo, ni unyevu wa delta uliingia kwenye drive, nimeutoa. Akaitikia kwa kichwa, unyevu wa kwao anaujua. Bi Somoe alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kupepeta.

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijatoka, baridi iko palepale, nikaiwasha kwa betri. Taarabu ikapiga kwa sauti ndogo. Nikazima haraka, nikatunza betri, nikaenda kuswali nikiwa mtu mwingine.

Wageni walifika na maji yanajaa, watu watatu. Walisema wazi kwamba hawana muda, inabidi waondoke kabla maji hayajatoka, boti isije ikakaa kwenye tope. Mmoja, kijana wa shati jeupe, akaanza moja kwa moja kutoa karatasi na kile kisanduku cha wino. Mzee Salum akamwambia subiri kidogo, kuna kitu tunakitazama. Akatoa CD kwenye koti, akanipa.

Nikaiweka kwenye kisahani, nikasukuma ndani. Ilikuwa saa tatu asubuhi na mawingu.

Ikazunguka. Haikulia tk hata moja. Ramani ikafunguka.

Mito yote ya delta iko pale, na mstari mwekundu umezunguka eneo la mabwawa. Wazee wakasogea, kila mmoja anatafuta mkondo anaoujua. Bi Somoe hajui kusoma herufi, lakini mito ile anaijua kuliko aliyeichora. Akapenya katikati ya wanaume, akaweka ukucha kwenye skrini, akaufuata mto taratibu mpaka pale unapojikunja.

"Hapa ndipo kwangu," akasema. "Na huu wekundu umenipita."

Ulikuwa umempita mbali. Yeye na wenzake wote wa bonde lile walikuwa ndani ya mstari.

Kijana wa shati jeupe akasema hayo ni makosa ya mchoraji tu, yatarekebishwa ofisini, tuweke madole kwanza maana maji yanatoka.

Mzee Salum akamjibu kwa upole kabisa, kama anamkaribisha chai. "Karekebisheni kwanza, mwanangu. Dole gumba letu haliozi."

Wakaondoka na maji yao. Kisanduku cha wino hakikufunguliwa. Mpaka nahama Kibiti sikusikia kwamba wamerudi na ramani nyingine. Na yule mzee aliyesema nimenunuliwa ndiye aliyenibebea laptop mpaka kwenye boti, nami nikamwacha abebe.

Nilirudi Kibiti shujaa. Jina la Fundi Kompyuta likapanda. Kila aliyeniuliza kuhusu Mbwera nilimwambia habari ya unyevu. Unyevu, unyevu. Hata mke wangu hajui habari ya mafuta yake mpaka leo, labda asome hapa.

Ikapita kama miaka sita. Siku moja Bi Somoe akaingia dukani kwangu, kaja Kibiti kumwona binti yake. Kaniletea kapu la mchele wa shamba lile lile, mchele unanukia mpaka nje. Nikamwekea kiti, tukacheka, tukakumbushana. Akaiona laptop mpya mezani, akainama karibu, akavuta pumzi kama siku ile.

Akasema hii hainuki nazi.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Jumatano ya kwanza, nilipovuta kile kisahani nje, harufu ilimpiga puani, na mafuta ya nazi kule kila mtu anaijua tabia yake.

Nikamwambia, "Sasa mama, mbona hukuniambia siku ile ile? Walisema nimenunuliwa."

"Mbele ya watu? Mgeni wangu, nikuumbue?" Akajifunga kanga vizuri. "Nilikupa mpaka Ijumaa."

"Na ningekuwa sijaelewa hiyo Ijumaa?"

"Jumamosi ningekuumbua mbele ya kijiji kizima. Shamba langu lile, fundi."

Hakucheka aliposema hivyo.

Basi, wakuu, ndiyo hivyo. Yule kijana wa uzi wa asubuhi, usitupe drive yako. Kabla hujamsingizia umeme, CD, au Windows, kaa chini ujiulize wewe mwenyewe kitu cha mwisho ulichokigusa ni kipi. Mimi ningejiuliza hivyo Jumatano, ningemaliza kazi kwa dakika tano kweli. Na ukikosea mahali penye riziki ya mtu, usingoje akusitiri, maana na sitara ina mwisho wake. Ya kwangu ilikuwa inaisha Ijumaa.

Waliowahi kuharibu kitu kwa mkono wao halafu wakamsingizia mwingine, jukwaa ni lenu, njooni msinicheke peke yangu. Na kama kuna mtu wa Mbwera humu anamjua Bi Somoe, mwambie nimesema yote.